Msitu wa Serikali Kuu, Barabara ya Kaunti: Nani Anaamua?

Hii ni hotuba iliyotolewa kwa mkutano wa Waswahili waishio majimbo ya magharibi ya Marekani. Tumeiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada mliotoka Boise, Twin Falls, Missoula na Portland, habari za jioni. Shikamooni wakubwa. Karibuni sana, na poleni na safari.

Wengi wenu mlipofika huku mlikutana na jambo la kushangaza. Unaendesha gari saa mbili, mlima baada ya mlima, misonobari haina mwisho, na kila kibao cha njiani kinasema msitu huu ni mali ya taifa. Kisha unaingia mji mdogo, unakuta shule inafundisha siku nne kwa wiki, maktaba ina kufuli, na daraja limewekewa kibao cha kupunguza uzito wa malori. Unajiuliza: miti yote ile ni ya nani? Na kama ni yetu sote, mbona faida yake haionekani hapa?

Swali hilo si lenu peke yenu. Makamishna wa kaunti za vijijini wamekuwa wakiliuliza kwa zaidi ya miaka mia moja, wakati mwingine mahakamani, wakati mwingine kwa katapila. Nimeombwa nieleze ugomvi huo umetokana na nini, nani ana haki gani, na mkazi wa kawaida anaweza kufanya nini.

Tuanze na pesa, maana ugomvi huu, hata ukivalishwa nguo ya miti, ya samaki au ya katiba, chini yake kuna hesabu.

Kaunti ya Marekani huishi kwa kodi ya ardhi na majengo. Ardhi ya serikali kuu haitozwi kodi hiyo. Sasa angalieni: Nevada, karibu asilimia 80 ya ardhi ni ya serikali kuu. Idaho ni zaidi ya asilimia 60. Oregon ni zaidi ya nusu. Hizo ni wastani wa jimbo. Shukeni kwenye kaunti. Kaunti za Custer na Lemhi, Idaho, zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yao ni ya serikali kuu. Mwindaji akipotea ndani ya msitu huo, nani anamtafuta? Sherifu wa kaunti. Theluji ikifunga barabara ya kuelekea huko, nani anaifungua? Greda la kaunti. Na nani analipa? Wenye nyumba na mashamba kwenye ile sehemu ndogo iliyobaki.

Serikali kuu kule Washington ililijua tatizo hili mapema. Mwaka 1908, miaka mitatu tu baada ya Idara ya Misitu kuundwa chini ya Gifford Pinchot, Bunge lilipitisha sheria kwamba asilimia 25 ya mapato ya misitu ya taifa yaende kwa shule na barabara za kaunti zenye misitu hiyo. Inaonekana ni haki, sivyo? Lakini tazameni ilichofanya. Ilifunga mshahara wa mwalimu kwenye gogo. Gogo likianguka, mwalimu analipwa. Gogo likisimama, mwalimu anasubiri.

Na magogo yalianguka. Mwaka 1987 misitu ya taifa ilitoa zaidi ya futi za ubao bilioni 12. Futi moja ya ubao ni kipande cha futi moja kwa futi moja, unene wa inchi moja. Kwa hiyo mpige picha kichwani. Kisha mwaka 1990 bundi mwenye madoa wa misitu ya kaskazini-magharibi aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Mwaka 1991 jaji William Dwyer wa Seattle alizuia mauzo ya miti katika makazi ya bundi huyo, kwa sababu Idara ya Misitu haikuwa imefuata sheria zake yenyewe za mipango. Mwaka 1994 ukaja Mpango wa Misitu wa Kaskazini-Magharibi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, misitu yote ya taifa ilikuwa ikitoa karibu futi bilioni 2 tu kwa mwaka.

Wengi humlaumu bundi. Bundi ana sehemu yake, lakini si yote. Miti mikubwa iliyo rahisi kufikiwa ilikuwa imekwisha kukatwa, na viwanda vya kupasua mbao vilikuwa vimeanza kupunguza wafanyakazi kwa mashine kabla bundi hajaandikwa popote.

Mwaka 2000 Bunge likapitisha sheria ya kuzilinda shule za vijijini, kwa kuzilipa kaunti kulingana na wastani wa miaka yao mitatu mizuri zaidi kati ya 1986 na 1999. Ilikuwa dawa nzuri yenye kasoro moja: ina tarehe ya kwisha. Imekwisha muda na kufufuliwa mara kadhaa, na kila ikilala kaunti hurudi kwenye ile asilimia 25 ya mwaka 1908, ambayo sasa ni makombo.

Mnataka kuona makombo yanavyofanana? Aprili 2007, kaunti ya Jackson, Oregon, ilifunga maktaba zake zote 15 kwa siku moja. Zilifunguliwa miezi sita baadaye, chini ya kampuni binafsi na kwa saa chache. Jirani yake, kaunti ya Josephine, mwaka 2012 wapiga kura walikataa kuongeza kodi. Sherifu akapunguza askari hadi akatoa tangazo kwamba waathirika wa ugomvi wa nyumbani wenye hati za ulinzi wa mahakama wafikirie kuhamia mahali penye polisi wa kutosha. Hebu fikirini, tangazo la sherifu linawaambia watu wahame!

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya makamishna hawapendi kulisikia. Kodi ya kudumu ya Josephine ilikuwa senti 58 kwa kila dola 1,000 za thamani ya mali, ya chini kuliko kaunti zote za Oregon. Ilibaki chini kwa sababu miaka mingi pesa za miti zililipa kila kitu. Pesa zilipokauka, sheria ya jimbo ilikuwa imekwisha kuigandisha kodi hiyo, na wapiga kura walikataa kuongeza juu yake. Washington ina lawama, ndiyo. Lakini kiwango kile hakikuwekwa Washington.

Kuna jambo jingine ambalo wasioishi ndani ya mambo haya hawalijui. Siku hizi kazi nyingi za kupunguza miti hufanywa kwa mikataba ya utunzaji, ambapo thamani ya miti inayouzwa hulipia kazi nyingine msituni: kusafisha vichaka, kurekebisha kalvati za kupitisha maji chini ya barabara, kuchoma mabaki. Kazi inafanyika, malori yanapita, barabara ya kaunti inachimbika. Lakini mapato ya mikataba hiyo hayahesabiwi katika ile asilimia 25. Kaunti inapata vumbi. Kamishna akisema msitu unakatwa na sisi hatuoni senti, msimcheke. Mara nyingi anasema kweli.

Haya. Kama pesa ndiyo kiini, kwa nini watu wanabeba katapila?

Kwa sababu kila baada ya miaka michache hutokea mtu akawaambia kaunti kwamba serikali kuu haina haki ya kumiliki ardhi hii kabisa. Niwaambieni wazi: mahakama zimelijibu hilo, na zimelijibu tena, na zimelijibu tena. Katiba, kifungu cha 4, sehemu ya 3, inalipatia Bunge mamlaka juu ya mali ya taifa. Mwaka 1974 bodi ya mifugo ya New Mexico iliwakamata punda mwitu 19 kwenye ardhi ya umma na kuwauza kwa mnada, ikidai punda ni wa jimbo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1976 majaji wote walisema: Bunge lina mamlaka kamili juu ya ardhi hiyo na wanyama walio juu yake. Punda 19 tu, na hadi leo kila wakili wa serikali kuu akisimama dhidi ya kaunti huanza nao.

Kaunti ya Boundary, Idaho, ilitunga sheria ndogo ya kuzilazimisha idara za Washington zifuate mpango wa ardhi wa kaunti. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Idaho yenyewe, mahakama ya nyumbani, iliifuta. New Mexico ilipitisha sheria mwaka 2001 kwamba kaunti ikitangaza hatari ya moto inaweza kuingia msitu wa taifa na kukata miti bila kibali. Kaunti ya Otero ilijaribu mwaka 2011 katika Msitu wa Lincoln, karibu na mji wa Cloudcroft. Walikuwa na hofu ya kweli; msitu ule ulikuwa umejaa kupita kiasi na watu wanalala chini yake. Mahakama ya rufaa ilikataa mwaka 2016: hofu ya kweli haitengenezi mamlaka.

Lakini kisa ambacho kila kamishna angepaswa kukijua ni cha Jarbidge, kijiji kidogo kaskazini mwa Nevada, kaunti ya Elko. Mwaka 1995 mafuriko yaliibeba barabara ya South Canyon, kama maili moja na nusu, kandokando ya mto Jarbidge. Idara ya Misitu kwanza ilipanga kuitengeneza, kisha ikabadili mawazo, ikasema itabaki njia ya miguu. Kaunti ikasema: barabara hii ni yetu tangu kabla ya msitu kuwekwa. Julai 1998 ikapeleka mitambo. Mitambo ikasukuma udongo na kusogeza mkondo wa mto. Mwezi uliofuata, idara ya samaki na wanyamapori ikaiweka trauti wa mto ule chini ya ulinzi wa dharura wa sheria ya viumbe walio hatarini.

Mnaona kilichotokea? Kabla ya katapila, kaunti ilikuwa na ugomvi na idara moja kuhusu barabara. Baada ya katapila, ilikuwa na ugomvi na idara mbili, sheria mbili, na samaki mmoja.

Tarehe 4 Julai 2000 mamia ya watu walifika na sepetu zilizochangwa kutoka mbali hadi Montana, wakafunga kamba kwenye jiwe kubwa lililoziba njia, wakalivuta. Ilipendeza kwenye magazeti. Upande wa pili, msimamizi wa msitu ule, Gloria Flora, alikuwa ameshajiuzulu mwaka 1999, akisema watumishi wake wananyanyaswa mitaani na madukani. Mwaka 2001 kaunti na serikali kuu walipatana, vikundi vya mazingira vikaingia kuyapinga mapatano, na kesi ikazunguka mahakamani kwa zaidi ya muongo mmoja. Barabara ya maili moja na nusu!

Je, kaunti ya Elko haikuwa na hoja? Ilikuwa nayo. Sheria ya madini ya mwaka 1866 iliruhusu barabara kujengwa juu ya ardhi ya umma isiyotengwa kwa matumizi mengine. Ilifutwa tarehe 21 Oktoba 1976, lakini haki zilizokwisha kupatikana hazikufutwa. Kaunti inayodai barabara kwa msingi huo lazima ithibitishe kwamba barabara ilikuwepo kabla ardhi haijatengwa kuwa msitu. Si kabla ya 1976, bali kabla ya msitu! Hapo ndipo wengi hujikwaa: wanaleta ushahidi wa miaka ya 1950 kwa msitu uliotengwa miaka ya 1900.

Na ushahidi wenyewe ni upi? Ramani na madaftari ya wapimaji wa zamani. Kumbukumbu za vikao vya kaunti zinazotaja barabara kwa jina. Hati za madai ya migodi zinazotaja njia ya kufikia. Picha za angani za zamani. Viapo vya wazee waliopita pale na mikokoteni, vikichukuliwa wakiwa hai. Mwaka 1996 kaunti tatu za Utah, Garfield, Kane na San Juan, ziliingiza magreda kwenye njia za aina hii bila kutoa taarifa. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa iliamua mambo mawili: anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na matengenezo ya kawaida kaunti inaweza kuyafanya, ila ikitaka kupanua au kuboresha barabara, lazima kwanza izungumze na idara husika. Kwa hiyo greda likisawazisha makorongo ni sawa. Likipanua kona bila barua, ni kesi.

Sasa tufike mahali ninapopapenda. Kama kaunti haiwezi kuamuru, inaweza nini?

Inaweza mengi, na mengi hayo yako kwenye karatasi ambazo hakuna mtu anazisoma.

Kwanza, mpango wa jamii wa kujikinga na moto wa msituni. Sheria ya misitu ya mwaka 2003 inasema mpango huo unahitaji sahihi tatu tu: serikali ya eneo, kikosi cha zimamoto cha eneo, na idara ya misitu ya jimbo. Idara ya Misitu ya taifa hushirikishwa, lakini sahihi yake haihitajiki. Na mpango huo ndio unaochora mstari wa eneo ambapo nyumba na msitu vinakutana. Bila mpango, sheria inachukua nusu maili kutoka ukingo wa makazi, na maili moja na nusu pale penye mteremko mkali au hali nyingine maalum. Ukiwa na mpango, mstari ni ule mliouchora ninyi. Chini ya sheria hiyo, angalau nusu ya pesa za kupunguza miti hatarishi zinatakiwa zitumike ndani ya mstari. Mnaelewa maana yake? Kaunti ambayo haiwezi kumwamuru renja, yaani ofisa wa msitu wa taifa, akate mti mmoja inaweza kuchora ramani inayoamua pesa zake ziende wapi. Kaunti nyingi zina mpango wa zamani uliofungiwa kabatini, wenye ramani isiyoonyesha mitaa mipya. Ulizeni kwenu upo wa mwaka gani.

Pili, kaunti inaweza kuomba kuwa mshirika rasmi wakati idara inaandika tathmini ya mazingira. Akikubaliwa, mtu wa kaunti anakaa chumbani rasimu ikiandikwa, anasoma kabla ya umma, analeta takwimu zake. Linaloharibika hapa ni hili: kaunti inaomba kiti kwa barua nzuri, kisha haina mtu wa kukikalia. Rasimu ina kurasa mia kadhaa na siku ni chache. Kaunti yenye makamishna watatu na mhasibu mmoja haiwezi, isipokuwa iajiri mtu au iungane na jirani zake.

Tatu, neno uratibu. Sheria zinazitaka idara ziangalie mipango ya kaunti na kueleza panapogongana. Wapo wanaozunguka wakiwauzia makamishna semina kwamba uratibu ni sawa na kura ya turufu. Si kweli. Kanuni ya mipango ya misitu ya mwaka 2012 inasema waziwazi kwamba idara haitafinyanga usimamizi wake ili kutimiza malengo ya wengine. Lakini lazima ieleze, na maelezo hayo hubaki kwenye kumbukumbu. Kaunti isiyo na mpango wake ulioandikwa haina kitu cha kugonganisha.

Nne, na hili ni lenu ninyi wakazi: maoni yaliyoandikwa. Kwa miradi ya misitu ya taifa, asiyetoa maoni kwa wakati hana haki ya kuweka pingamizi baadaye, na pingamizi lazima litokane na kile ulichokiandika mwanzo. Muda wa pingamizi umekuwa siku 45, au 30 kwa miradi ya moto ya sheria ya 2003. Mwaka 2025 Wizara ya Kilimo, ambayo Idara ya Misitu iko chini yake, iliandika upya kanuni zake za tathmini ya mazingira, kwa hiyo someni tarehe kwenye tangazo lenyewe, msitegemee za mradi uliopita.

Na mwandike nini? Mtu akiandika, "Msifunge barabara zetu," ofisa atamshukuru na kuweka barua kwenye jalada. Mwingine akiandika: "Barabara hii, kabla ya kivuko cha pili, ina kalvati ya inchi 18 inayoziba kila masika kwa matawi, maji yanapita juu na kumomonyoa ukingo, tunaomba iwekwe inayobeba mafuriko ya miaka 100 badala ya kufunga barabara, kwa sababu ni njia ya pekee ya pili ya kutokea moto ukija," huyo lazima ajibiwe. Ametaja mahali, kipimo, sababu na njia mbadala.

Nimalizie na Quincy, kaunti ya Plumas, California, maana ni kisa kinachosimuliwa nusu. Mwishoni mwa 1992 mjumbe wa baraza la kaunti, Bill Coates, mwanasheria wa mazingira, Michael Jackson, na mtaalamu wa misitu wa kampuni ya mbao, Tom Nelson, watu waliokuwa hawasalimiani, walianza kukutana kwenye maktaba ya mji, kwa sababu maktabani huruhusiwi kupiga kelele. Waliandika mpango: acha mabonde na miti mikubwa, punguza miti midogo kwenye vipande virefu vya kukata njia ya moto, ekari 40,000 hadi 60,000 kwa mwaka. Mwaka 1997 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 429 dhidi ya 1, na mwaka 1998 ukawa sheria.

Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia, kwa makofi. Kilichofuata ni rufaa, kesi, na kazi ndogo kuliko iliyoandikwa. Vikundi vikubwa vya mazingira nje ya kaunti havikukubali kufungwa na makubaliano ya maktabani. Na kipande kilichosafishwa kikiachwa, baada ya miaka michache kinajaa vichaka. Mabaki ya kukata yasipochomwa, umeuteremsha moto kutoka juu ya miti na kuuweka chini. Mwaka 2021 moto wa Dixie uliteketeza zaidi ya ekari 960,000, na tarehe 4 Agosti uliila Greenville, mji wa kaunti hiyohiyo.

Je, maktaba ilikuwa kazi bure? Mimi sisemi hivyo. Kura 429 hazikupatikana kwa sepetu. Lakini yeyote atakayewaambia kwamba kukaa mezani kunatosha, mwulizeni: nani ameajiriwa kusimamia kazi hiyo mwaka wa tano, kwa pesa ipi, na mabaki yatachomwa mwezi gani?

Vikao vya makamishna ni vya wazi kwa umma, na ajenda hubandikwa kabla. Mkiona kipengele cha mpango wa moto au cha mradi wa msitu, nendeni watatu au wanne, na mmoja awe ameisoma ramani. Mwenye swali sasa anyooshe mkono. Tuanze na mama pale nyuma.